Mashine ya Kahawa Ndani ya Studio

Pale kijijini Ihanda mtu akisema "yule mwalimu mkaidi," hakuna anayeuliza ni yupi. Ni Anania. Lakini ukikutana naye barabarani huwezi kuamini kwamba sifa hiyo ni yake, maana ni mtu wa kuongea chini chini, mtu wa kukaa nyuma msibani na kuondoka kabla wazee hawajaanza kugawana viti. Ukimsalimia anaitikia huku anaangalia viatu vyako. Mkewe Nesta husema kwamba siku alipokuja kujitambulisha kwao, aliongea na mbwa zaidi kuliko na wakwe.

Shule aliishia darasa la saba. Muziki aliupata kanisani, kwa mwalimu wa kwaya wa zamani aliyekuwa akiandika noti za solfa kwa mkaa kwenye ubao wa mlango. Do, re, mi. Sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Anania akazishika zile noti kama mtu aliyekuwa anazingoja tangu kuzaliwa. Mzee yule alipofariki, kwaya ikamwachia Anania fimbo ya kuongozea, na akaanza kutunga nyimbo zake mwenyewe. Mchana yuko shambani kwenye kahawa aliyoachiwa na baba yake, jioni yuko kanisani na fimbo.

Sasa, uani kwake kulikuwa na mashine ya mkono ya kumenya kahawa. Baba yake aliinunua enzi zile ambazo chama cha ushirika ndicho kilichokuwa mnunuzi peke yake. Chuma kitupu, gurudumu kubwa ubavuni, mpini uliolainika kwa viganja vya watu wengi. Unamwaga kahawa mbivu kwa juu, mmoja anazungusha, mwingine anatia maji kwa jagi, buni zinadondokea kwenye beseni upande huu na maganda yanatokea upande ule. Jioni za mavuno majirani walikuja kumenya zao hapo, na palipokuwa na mashine palikuwa na Yudita.

Yudita ni dada mkubwa wa Anania. Alifiwa na mume akarudi kwao na ulimi wake. Solfa hakuijua na hakutaka kuijua. Alikuwa anasimama kando ya mashine, anasikiliza kidogo, halafu anaanza kuimba kwa Kinyiha chochote kilichomjia: jirani aliyeleta kahawa mbichi akidhani haitaonekana, mvua iliyochelewa, marehemu mumewe aliyeondoka bila kumalizia bati la jikoni. Kahawa ikiwa imeiva vizuri mpini ulikwenda mbio, naye alikwenda mbio. Zikichanganyika za kijani mashine ilikaba, naye aliburuza neno mpaka mpini uachiwe. Watu wakamwitikia. Kesho yake ukimwambia, "Dada Yudita, tuimbie ule wa jana," alikuwa anakushangaa.

"Wa jana? Kahawa ya jana si mmeshaianika?"

Halafu wakaja wanunuzi binafsi. Waliweka mizani kando ya barabara, wakajenga mashine ya injini kule mtoni, wakatangaza kwamba wananunua kahawa mbivu vilevile ilivyochumwa, siku hiyohiyo. Watu walifurahi, na huwezi kuwalaumu. Nani alikuwa na hamu ya kumenya, kuosha, kuanika na kuilinda kahawa na mvua? Mashine za mkono zikasukumwa chini ya vipenu. Ya kina Anania ikatagiwa mayai na kuku. Mwaka wa kwanza hakuna aliyeona tofauti. Mwaka wa pili, jioni moja katikati ya mavuno, Anania alikuwa anarudi kutoka mizani akasimama njiani. Kijiji kizima kilikuwa kimya. Ilisikika redio moja tu, na muziki wa redio ile ulikuwa unapiga ngoma ileile, kipimo kilekile, mwanzo hadi mwisho.

Alipofika nyumbani alimtoa kuku ndani ya mashine, akakipaka chuma mafuta, akaanza kuandika.

Aliandika kwa majuma mengi. Sauti nne kwa noti za solfa, kama alivyofundishwa, kila noti mahali pake. Ila katikati ya kila wimbo aliweka duara tupu. Nesta alichungulia akauliza.

"Baba Loisi, hili yai ni la nini?"

"Hapo mnanyamaza. Hapo ni pa dada na mashine."

"Ataimba nini?"

"Sijui."

Nesta akasema, "Mama yangu aliniambia nikuulize mambo mengi kabla ya ndoa. Nikaona aibu."

Lakini akajifunza sauti ya pili. Zabron, jirani yao mwenye mabega kama mlango na besi ya kutikisa madirisha, akapewa sauti ya nne na mpini. Anania akawafundisha kwaya nzima. Akamwambia Nesta, usiku ule ule wa kwanza wa mazoezi, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba anataka albamu. Kaseti nzima, upande A na upande B, noti zake na uani kwao pamoja, ipigwe hivyohivyo bila kunyooshwa na mtu. Akishaipata hiyo mkononi, basi, hata wakimwita kichaa ataitika.

Kwanza alizipeleka nyimbo hizo kwenye mashindano ya kwaya ya mwaka 2002. Hapo mashine haikuruhusiwa, alikuwepo Yudita tu. Waamuzi walikuwa wamepewa karatasi za noti wafuatilie. Kufika kwenye duara, mwamuzi mmoja akageuza karatasi kutazama kama wimbo unaendelea nyuma. Mwingine akaweka kalamu chini. Kwaya ya Ihanda ikawa ya mwisho.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, kamati ya kwaya ikakaa. Mwenyekiti alikuwa mzee Hezron, mtu safi, mtu wa kofia ya pama na kitambaa mfukoni, aliyeipenda kwaya kuliko shamba lake.

"Mwalimu," alisema, "haya maduara ni nini?"

"Ni mahali pa dada Yudita, mzee."

"Na wewe mwalimu unajua atakachoimba?"

"Hapana, mzee. Hata yeye hajui."

Watu wakacheka. Mzee Hezron hakucheka. "Wimbo ambao mwalimu haujui, wanakwaya wataujuaje? Mwamuzi ataujuaje? Mungu mwenyewe ataujuaje?"

Kutoka benchi la wanawake Yudita akajibu, "Ya Mungu muulize Mungu, mzee Hezron. Na mimi uniulize nikishafika hapo penye duara."

Hapo kanisa likawa na kelele. Kelele zilipotulia, mzee Hezron akaweka sharti. Ama Anania aandike noti ndani ya maduara yote, ama kamati itafute mwalimu mwingine. Watu walijua jibu. Anania, yule anayeitikia salamu kwa viatu, angefanya nini? Angekohoa, angesema ndiyo mzee, angekwenda kuandika.

Anania alisimama. Alitembea mpaka mbele, akaiweka fimbo mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Nitafuteni mwingine," alisema. "Noti ninazo. Ila pale hakuna noti."

Akatoka. Nesta akatoka nyuma yake, kisha Zabron, kisha dada wawili wa sauti ya kwanza na kijana mmoja wa sauti ya tatu. Yudita alitoka wa mwisho, maana alikuwa bado anamalizia kumjibu mtu.

Mavuno yaliyofuata wakauza mbuzi, wakaenda Tunduma kurekodi.

Studio ilikuwa nyuma ya maduka, karibu kabisa na barabara ambapo malori yanajipanga kusubiri kuvuka kwenda Zambia. Chumba kimoja, madirisha yamezibwa kwa blanketi, kuta zimebandikwa trei za mayai ili sauti isirudi. Mwenye studio alikuwa kijana anaitwa Danford, mcheshi, mwenye kinanda na kompyuta, aliyewarekodia wanakwaya na wanarapu wote wa pale mpakani. Alikuwa anajua kazi yake. Alipowaona wameshuka kwenye gari la mizigo na chuma kile na magunia ya kahawa, alisimama mlangoni na kuziba kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, hiyo ni nini?"

"Ni mashine ya kahawa."

"Naona. Mnaipeleka wapi?"

"Ndani."

"Ndani ya nani?"

Zabron akasema, "Sogea kidogo, mdogo wangu, hii kitu ina kilo."

Danford alisogea kwa sababu Zabron hakuwa mtu wa kuambiwa subiri akiwa amebeba chuma. Lakini alilia sana kuhusu zulia. Wakamtandikia magunia matupu na turubai, wakaweka beseni, wakaleta ndoo ya maji. Danford akaweka maikrofoni moja mbele ya waimbaji, moja mbele ya mashine, huku anatikisa kichwa.

"Haya. Mimi nitawapa bit, mapigo ya kompyuta, kwenye hedifoni, kila mtu anaifuata. Na mashine iifuate."

"Mashine haifuati," alisema Anania.

"Kila kitu kinafuata, mwalimu. Hata mchungaji ameimba hapa na amefuata."

Wakajaribu. Zabron akavaa hedifoni, gunia la kwanza likamwagwa, mpini ukaanza kuzunguka. Kr, kr, kr, buni zikigonga beseni. Ilikwenda vizuri mpaka zilipoingia kahawa mbili tatu ngumu, mashine ikakaba, Zabron akasukuma, na bit ikampita. Akaikimbilia, ikawa kama mtu anayefukuza basi. Danford akapunga mkono, simama, tuanze upya. Wakaanza upya. Simama. Wakaanza tena. Simama. Mwisho gunia likaisha, na Danford akasema kwa moyo mweupe kabisa:

"Haina shida. Zirudisheni hizo hapo juu, tuende moja ya mwisho."

Wakamtazama. Yudita akaangalia buni zilizo uchi ndani ya beseni, akamwangalia kijana.

"Mwanangu, wewe ukishamenya ndizi ukaila, unairudisha kwenye ganda?"

Walicheka mpaka Zabron akakaa chini. Danford naye akacheka, akavua hedifoni. Lakini hakuwa mtu wa kukata tamaa. Akamvuta Anania kando. "Mwalimu, sikiliza. Waimbe mara moja tu, vizuri. Mimi nitanakili, nabandika, nabandika, wimbo umekwisha. Huyu mama naye aimbe mistari minne, naibandika kila panapotakiwa. Na mashine ninayo sauti kama hiyo kwenye kinanda. Mtu akisikia hatajua."

"Mimi nitajua."

"Kaseti unamuuzia mtu, hujiuzii mwenyewe."

Anania aliangalia viatu vya Danford. "Zima hiyo bit," alisema. "Tutaimba, wewe utarekodi. Ukitaka kusimamisha, usisimamishe."

Gunia la pili lilikwenda bila bit. Nyimbo za upande A zote zilipatikana pale, mfululizo, sauti nne zikiingia mahali pake kila Zabron alipomaliza mizunguko minane ya mpini, kama Anania alivyowafundisha, halafu zikinyamaza, na Yudita akiingia na maneno ambayo hakuna aliyeyasikia kabla. Danford aliacha kutikisa kichwa akaanza kutikisa mguu. Walipofika wimbo wa kwanza wa upande B, umeme ukakatika. Kompyuta ikalia piii, giza likaingia, na mashine ikaendelea kuzunguka kidogo gizani kabla Zabron hajaelewa.

Upande A ulikuwa umehifadhiwa. Wa pili haukuwepo. Walisubiri mpaka jioni, umeme haukurudi. Danford akasema waje asubuhi, lakini mchana ana watu wengine. Wakaenda kulala kwa binti wa Yudita, mtaa wa juu. Gunia lililobaki, la mwisho, Anania alilifunga kwa kamba, akaliingiza kwenye kile chumba chenye mablanketi, akahakikisha mlango umefungwa kwa kufuli. Tunduma ni mji wa wapita njia. Hakutaka liibiwe.

Asubuhi umeme ulikuwepo. Danford akafungua mlango na akarudi nyuma hatua moja.

"Nani amepika pombe humu?"

Anania alijua kabla hajaingia. Aligusa gunia likawa la moto, kama tumbo la ng'ombe. Alipolifungua, mvuke ukapanda, na harufu ya uchachu ikajaza chumba. Kahawa mbivu ikifungiwa kwenye gunia usiku kucha inajipika yenyewe. Ilipaswa kutandazwa, au kutiwa kwenye maji. Kila mtoto wa Ihanda wa zamani alijua hilo. Lakini miaka ile walikuwa wanachuma asubuhi na kuipeleka mizani jioni, hakuna kahawa iliyolala na mtu, na mwili wa Anania ulikuwa umesahau.

Yudita aliingiza mkono ndani ya gunia, akabana tunda moja. Ganda lilitoka lenyewe, laini, kama ngozi ya mtu aliyekaa sana majini.

"Mdogo wangu," alisema, "ulikuwa unaogopa wezi."

"Ndiyo, dada."

"Umejiibia mwenyewe."

Anania alimwaga matunda machache kwenye mashine, akazungusha mpini kwa mkono wake. Kr haikuwepo. Ilikuwa chwaa, chwaa, halafu mpini ukawa mwepesi kama hauna kitu, matunda mazima yakipita bila kumenyeka, halafu ghafla ukakaba kabisa. Hakukuwa na mizunguko minane ya kuhesabu. Nyimbo zake zote za upande B, noti alizozipanga kwa majuma, zilikuwa zimejengwa juu ya kr kr kr. Kurudi Ihanda kuchuma upya kusingewezekana. Pesa ya mbuzi imeshaliwa, na Danford saa zile alikuwa anaangalia saa ya ukutani.

Danford akamwonea huruma kweli. "Mwalimu, acha nikusaidie. Upande B tuweke kinanda. Uko poa tu. Upande mmoja mashine, upande mmoja kinanda, watu watachagua wenyewe."

Nesta alimwangalia mumewe. Alijua kwamba kwa noti zake Anania ni mkali kuliko mzee Hezron. Maduara aliwaachia wengine, lakini nje ya duara hakuwa anamsamehe mtu hata nukta. Zabron aliwahi kurudishiwa neno moja jioni nzima.

Anania alikusanya karatasi za noti kwenye meza ya Danford, akazikunja, akazitia mfukoni.

"Msihesabu mizunguko," aliwaambia waimbaji. "Hesabu hakuna. Mnazijua sauti zenu, zishikeni hizohizo, ila mkae mnamsikiliza dada. Yeye akiwaachia mlango, ingieni. Asipowaachia, kaeni nje."

"Wote?" aliuliza Nesta. "Wimbo mzima?"

"Wimbo mzima ni duara."

Kisha akamgeukia Danford. "Washa. Na kinanda kichomoe kwenye umeme."

Zabron akashika mpini. Gunia lote likamwagwa, harufu ikapanda. Chwaa. Chwaa. Mashine ikateleza, ikakaba, ikaachia. Yudita alifumba macho, akasikiliza muda mrefu mpaka Danford akaanza kumtazama Anania. Halafu akaanza chini kabisa, karibu na kuongea. Aliimba kwamba mdogo wake amelala lakini kahawa haikulala. Aliimba kwamba amefunga mlango kwa kufuli na kumfungia mwizi ndani. Nesta alibana kicheko, na kicheko kile kikamtoka kama noti ya kwanza ya sauti ya pili, mahali pasipo pake kabisa, na sauti ya kwanza wakamfuata. Mpini ukakaba, wote wakakaa kwenye neno lilelile, wakaliburuza, wakaliburuza, besi ya Zabron ikitoka pamoja na nguvu za mabega yake, mpaka mashine ikaachia na sauti zote nne zikaanguka pamoja. Anania hakuwahi kuandika kitu kama hicho. Hakuwa na fimbo. Mikono yake ilikuwa inaning'inia tu.

Ndipo lori likapiga honi nje. Honi ndefu, ya lori la kwenda ng'ambo lililochoka kusubiri. Blanketi na trei za mayai havikuizuia. Mkono wa Danford ukaruka kwenda kusimamisha mtambo.

Anania alikuwa amefika kabla yake. Alikifunika kile kipanya cha kompyuta kwa kiganja, akamsogelea kijana sikioni, akanong'ona kwa upole uleule anaosalimia watu nao:

"Ukizima, nakumenya wewe."

Danford akaondoa mkono.

Na Yudita, macho yamefumbwa bado, alikuwa ameshaipokea honi. Aliishika noti yake hiyohiyo, akamwambia dereva atulie, maana yeye naye yuko kwenye foleni tangu mumewe afariki na hajapiga honi. Lori likapiga tena. Akalijibu tena, juu zaidi, na waimbaji wakaingia nyuma yake kama watu wanaosukuma gari. Waliendelea hivyo, wimbo ukizaa wimbo, mpaka mashine ikabaki inazunguka tupu.

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye zulia la Danford, naye hakuyaona.

"Honi nitaikata," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Ni kazi ndogo tu."

"Ukiikata, dada atakuwa anamjibu nani?"

Danford alifikiri. "Basi naiacha."

Kaseti ikatoka na picha ya mashine juu yake, wao wamesimama pembeni wima kama watu wa kitambulisho. Waliiita *Bado Inazunguka*. Wengine waliirudisha dukani wakidhani kanda imeliwa na redio. Wengine walisema upande A una maana lakini upande B ni wa walevi. Kanisani mzee Hezron alitangaza kwamba kaseti ile isiuzwe kwenye eneo la kanisa, kwa kuwa si wimbo, ni vurugu. Anania aliyasikia hayo akiwa benchi la nyuma. Wiki iliyofuata alikwenda akakaa benchi la mbele. Alikaa tu, na Nesta akakaa kando yake na kofia mpya.

Lakini pale Tunduma madereva wa malori wakaanza kuiulizia. "Nipe ile yenye honi." Wanaitia kwenye redio za malori, wanakwenda nayo Zambia, wengine mpaka Kongo. Ikaanza kurudi Ihanda kwa njia hiyo, kwenye malori yanayokuja kubeba kahawa, na watu wa kijiji wakajisikia wenyewe wakiimbwa barabarani.

Mavuno ya mwaka uliofuata, jioni, mzee Hezron akaja uani kwa Anania. Akakuta mashine imetolewa nje na majirani kadhaa wamekuja na ndoo za kahawa waliyoinyima mizani. Si nyingi, ya kutosha kwa jioni moja.

"Mwalimu," alisema, baada ya salamu ndefu, "kwaya imepungukiwa. Kamati inakuomba urudi."

Anania akaangalia viatu vya mzee. Vilikuwa vimepakwa rangi vizuri.

"Na tumeisikiliza ile kaseti," aliendelea mzee. "Sisemi ni mbaya yote. Kwa hiyo tumeona hivi. Ukae na ile kanda, uandike noti ya kila alichoimba dada yako, neno kwa neno, hata pale penye honi. Ujaze maduara. Tutaifundisha kwaya, tutaipeleka kwenye mashindano, na safari hii mwamuzi hatageuza karatasi. Fimbo yako ninayo hapa."

Kweli alikuwa nayo, imefungwa kwenye kitambaa. Akaifungua. Nesta aliacha kuosha beseni, maana alijua mumewe ameiota fimbo ile mara nyingi, na hajawahi kusema.

Anania alinyoosha mikono akaipokea. Aliigeuza, akapitisha kidole pale ambapo mwalimu wa zamani alikuwa amechonga jina lake. Kisha akamrudishia mzee.

"Ile haipo, mzee."

"Haipo vipi? Iko kwenye kanda, nimeisikia kwa masikio yangu."

"Kahawa ile ilishamenywa. Hata mimi siwezi kuiimba tena, na sitamwandikia mtu aiimbe. Niiteni siku mtakayotaka duara likae tupu, nitakuja hata bila fimbo. Kabla ya hapo msiniite."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mzee Hezron, na aliyasema akimwangalia usoni. Zabron hakungoja jibu la mzee. Akamwaga ndoo ya kwanza juu ya mashine na kushika mpini. Kr, kr, kr. Yudita akasogea, akainamisha kichwa kusikiliza.

Jagi la maji lilikuwa chini, hakuna aliyelishika. Anania aliliokota akamwekea mzee Hezron mkononi.

"Ukikaa, tia maji," alisema. "Ukiondoka, liache hapo getini."

Mzee alisimama, fimbo mkono mmoja, jagi mkono wa pili, kofia ya pama kichwani, bila kutia maji na bila kuondoka. Mashine ikaanza kukauka, mpini ukawa mzito, na Yudita akaanza. Aliimba juu ya mzee mmoja mwenye kofia nzuri, aliyekuja na mikono miwili na yote imejaa. Majirani wakaitikia kwa kicheko. Alipofika kwenye mwitikio wa pili, maji yakaanza kuanguka juu ya kahawa, kidogo kidogo, bila mpangilio, na Zabron akaongeza mwendo.